Kutafiti Maradhi ya Ulaji kwa Wanajeshi Wastaafu wa Mombasa: Mwongozo wa Kazi

SCOFF ni hojaji fupi inayotumika sana kuchuja maradhi ya ulaji. Ilichapishwa Uingereza mwaka 1999 na ina maswali matano tu. Mkabidhi mfasiri asiyeijua kazi hii, na mawili yataharibika siku hiyo hiyo. Swali la kwanza linauliza kama mtu hujitapisha anapohisi ameshiba kupita kiasi. Neno la Kiingereza lililotumika hapo lina maana pia ya kuugua, kwa hivyo linarudi kwa Kiswahili likiwa "Je, wewe hujifanya mgonjwa?" Mwanajeshi mstaafu akiulizwa hivyo anasikia tuhuma, kwa sababu jeshini anayejifanya mgonjwa ni mkwepa gwaride. Atajibu "La" kwa ukali, na swali limekufa. La tatu linauliza kama amepungua zaidi ya "stone" moja katika miezi mitatu, yaani kilo 6.35 kwa kipimo cha Waingereza, nalo linatoka "jiwe moja".

Kosa la aina hiyo halionekani kwenye takwimu. Utapata jedwali safi linalosema wastaafu wa Mombasa hawana tatizo, na mtu anayekula usiku wa manane mpaka tumbo limuume, kisha akaenda chooni kutia kidole kooni, amehesabiwa mzima. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uuguzi, saikolojia au afya ya jamii, na wa mshauri nasaha anayetaka kuufanya utafiti huu Mombasa ukatoa ukweli.

Kwanza jua unachokitafuta

Utafiti mwingi wa jambo hili umefanywa Marekani, kwa wastaafu wanaotibiwa katika hospitali za idara yao ya wanajeshi wa zamani. Watafiti kama Robin Masheb na Karen Mitchell wameonyesha kwamba maradhi haya yapo kwa wanaume wastaafu pia, si kwa wasichana wembamba tu kama wengi wanavyodhani, na kwamba mara nyingi huandamana na mfadhaiko unaobaki baada ya kiwewe. Nyuma zaidi, mwaka 1994 utafiti wa Kanada uliwalinganisha wanajeshi wa Vita vya Pili vya Dunia waliotekwa na wenzao ambao hawakutekwa. Waliokaa na njaa utekani ndio waliosimulia zaidi kula kwa kufakamia miaka mingi baadaye. Na katika jaribio la Minnesota la 1944 na 1945, wanaume 36 wenye afya walipunguziwa chakula kwa wiki 24 mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Chakula kikawatawala fikra, na wengine waliendelea kula kupita kiasi hata baada ya kurudishiwa mgao wa kawaida.

Kwa hivyo usianze na urembo wa mwili. Anza na njaa ya kazini, haraka ya mesi, shinikizo la uzito na kiwewe. Anayejiunga na Jeshi la Kenya hupimwa tangu siku ya kusajiliwa: kimo kisichopungua mita 1.60, uzito usiopungua kilo 54.55 kwa mwanamume na kilo 50 kwa mwanamke. Tangu Oktoba 2011 wengi wamepitia Somalia. Mombasa ndiko makao ya Jeshi la Wanamaji, Mtongwe, kwa hivyo usishangae sampuli yako ikielemea baharini.

Ugonjwa utakaoukuta zaidi katika kundi hili ni kufakamia kusikozuilika. Kwa vigezo vya kitabu cha utambuzi cha Marekani cha mwaka 2013, ni kula, ndani ya saa mbili hivi, chakula kingi kuliko ambacho watu wengi wangekula katika hali ile ile, huku mtu akihisi hawezi kujizuia, wastani wa angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Lazima pia yawepo matatu kati ya haya matano: kula haraka kuliko kawaida, kula mpaka tumbo limsumbue, kula bila njaa, kula peke yake kwa aibu, na kujichukia au kujilaumu baadaye.

Hapo pana mitego miwili kwa mwanajeshi. Aliyefundishwa kumaliza sahani kwa dakika chache atakula haraka maisha yake yote, mgonjwa au mzima. Muulize kama anakula haraka kuliko kawaida *yake*. Na mstaafu aliyepanga chumba Likoni huku familia iko bara anakula peke yake kwa sababu yuko peke yake. Swali liwe: "Mtu akibisha hodi ukiwa unakula hivyo, utakificha chakula?"

Vibali

Mpangilio ni huu, na usiugeuze: kwanza kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa (Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi kinayo), kisha leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi) inayoombwa mtandaoni, kisha barua za kujitambulisha kwa ofisi za kaunti. Ukitaka kuwapata watu kupitia kambi, utahitaji idhini ya Wizara ya Ulinzi, na hiyo ina ratiba yake. Njia nyepesi ni kuwapata wastaafu uraiani, pamoja na kupitia chama chao, DEFOCA.

Katika ombi lako andika wazi kwamba hutauliza mahali kikosi kilipokuwa, idadi ya askari wala mbinu. Sheria ya Siri Rasmi ipo, na mstaafu anaijua kuliko wewe. Unachohitaji ni kama alikaa na njaa, kwa siku ngapi, kama aliona mtu akifa, kama alidhulumiwa, pamoja na dhuluma ya kingono iliyofanywa na wenzake. Hayo yanaulizika bila kutaja ramani.

Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ni data nyeti. Kufuta jina pekee hakutoshi. Mwanamke aliyestaafu akiwa na cheo fulani, kutoka kikosi fulani, mwaka fulani, anaweza kuwa mmoja tu Mombasa nzima. Unganisha vyeo viwe makundi mawili au matatu, na miaka iwekwe katika makundi ya kumi kumi.

Kutia maswali Kiswahili

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Tenga wiki sita, usikubali kupungukiwa.

Hojaji kuu ni EDE-Q, yenye vipengele 28, inayouliza kuhusu siku 28 zilizopita. Watafsiri wawili waitafsiri kila mmoja peke yake: mmoja awe wa Pwani, mwingine wa bara, kwa kuwa wastaafu wa Mombasa wametoka Kenya nzima. Kaa nao uwianishe. Mtu wa tatu ambaye hajaiona ya asili airudishe kwa Kiingereza. Kisha keti nayo mezani na wastaafu 8 hadi 12 mmoja mmoja, na baada ya kila swali uliza: "Kwa maneno yako mwenyewe, hapa umeulizwa nini?" Wakikosea watatu kati ya kumi, andika upya swali hilo. Usiwalaumu wao.

Maneno yatakayokusumbua ni machache lakini ndiyo yenye uzito:

*Kushindwa kujizuia.* Likisimama peke yake wengi hufikiria choo. Ongeza kitendo: "Unataka kuacha, lakini mkono hauachi kwenda mdomoni." Hapo mtu anayelijua jambo hili anainua kichwa na kukutazama.

*Hatia.* Ni neno la mahakama. Mtu aliyekula chapati sita hana hatia. Andika "kujilaumu" au "nafsi hunisuta".

*Kunenepa na kukonda.* Kwetu kunenepa mara nyingi ni sifa, na kitambi kidogo cha mstaafu ni dalili kwamba kiinua mgongo kimemfaa. Kukonda, kwa upande mwingine, kunazua mnong'ono wa maradhi. Swali la woga wa kunenepa likiulizwa kavu litapata kicheko. Uliza kuhusu "kupunguza mwili" na "kutaka mwili urudi ulivyokuwa jeshini". Wengi wao hawataki wembamba, wanataka kifua na mikono ya zamani, na EDE-Q inauliza zaidi habari ya wembamba. Ongeza hojaji ya ulaji unaolenga misuli, MOET, ya mwaka 2019 yenye maswali 15, la sivyo utawakosa.

*Dawa za kuharisha.* Ukisema hivyo tu, mtu anafikiria duka la dawa na anakataa. Taja sanamaki na haluli kwa majina. Kisha tenganisha: anayekunywa sanamaki mara moja baada ya mwezi kwa kusafisha tumbo, kama walivyofanya wazee wake, si sawa na anayeinywa kila mara anapokula sana ili chakula kisimkae mwilini. Hali kadhalika vidonge vya kukojoza: mgonjwa wa presha ameandikiwa na daktari.

*Mazoezi.* Mstaafu anayekimbia kila alfajiri hana kosa. Muulize kama hukimbia hata goti likiwa limevimba, na siku asipokimbia huinyima nafsi yake chakula.

Saumu, muguka na mwisho wa mwezi

Kipengele cha pili cha EDE-Q kinauliza siku ngapi mtu amekaa saa 8 au zaidi za macho bila kula chochote, ili kubadili uzito au umbo lake. Msikilizaji husikia nusu ya kwanza na kujibu. Katika mji ambao watu hufunga Jumatatu na Alhamisi, nusu ya kwanza pekee itakupa wagonjwa wa uongo kwa makumi. Livunje swali vipande viwili. Kwanza: siku ngapi ulikaa hivyo? Pili: kati ya siku hizo, ngapi zilikuwa za ibada, ngapi hukuwa na chakula, ngapi ulikuwa na muguka au miraa, na ngapi ulikusudia kupunguza mwili? Alama hupewa zile za mwisho tu, lakini nyingine zote ziandike, utazihitaji.

Kuna mtu anayejificha ndani ya saumu. Usimhoji nia yake mbele ya Mola wake, hiyo si kazi yako na atakufungia mlango kwa haki. Muulize yanayotokea magharibi: "Ukishafturu, unakula mpaka lini? Daku unaila au unaiacha makusudi?" Majibu ya hapo yanatosha.

Kwa sababu hojaji inatazama nyuma siku 28, usikusanye data Ramadhani wala mara tu baada yake. Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, una saumu ya Sita, kwa hivyo ngoja mwezi huo uishe, kisha ongeza siku 28. Mfungo Tatu una saumu ya Arafa na nyama ya Idi, Mfungo Nne una Ashura, na Mfungo Sita una pilau la maulidi. Mfungo Tano ni mtulivu, anza katikati yake ukiweza, ili siku 28 za nyuma zisiifikie Ashura. Wakristo nao wana Kwaresima. Iangalie kalenda yao pia.

Muguka hukata hamu ya kula kwa saa nyingi, na nguvu yake ikishuka njaa hurudi. Mtu anayetafuna kutwa kisha akala sana usiku anafanana kabisa na mgonjwa wa kufakamia. Andika siku za kutafuna na saa ya mwisho kutafuna kabla ya kila tukio la kula. Uliza kwa upole, maana tangu amri ya serikali ya kaunti ya Mei 2024 ya kupiga marufuku muguka, jambo hili limekuwa la mahakama na siasa.

Kisha pensheni. Penye uhaba, watu hula kidogo wiki ya tatu na kula sana pesa zikiingia. Mzunguko huo wa kukosa na kupata unaweza wenyewe kumwingiza mtu katika kufakamia kwa kweli, kwa hivyo usiutupe nje kama makosa ya kipimo. Tumia maswali 8 ya FAO ya uhaba wa chakula, na uandike tarehe ya mahojiano pamoja na tarehe ya malipo ya mwisho.

Sinia

Hojaji za Ulaya na Marekani zinadhani kila mtu ana sahani yake. Hapa pilau linakuja kwenye sinia, watu wanne au watano wamelizunguka, na hakuna aliyehesabu matonge. Ukiuliza "ulikula kiasi gani?" utajibiwa "cha kushiba".

Fuata mlolongo huu. Sinia lilikuwa la watu wangapi, na mliketi wangapi? Lilijazwa tena mara ngapi? Wenzako walipoinuka kunawa, wewe uliendelea? Baada ya hapo uliingia jikoni? Swali hili la mwisho ndilo lenye siri, kwa kuwa anayefakamia mara nyingi hujizuia mbele za watu na kumalizia kwenye sufuria, amesimama, taa imezimwa, akikwangua ukoko. Kwa vyakula vinavyohesabika tumia idadi: chapati, mahamri, viazi vya karai. Kwa wali na mbaazi beba upawa mmoja na kikombe cha mililita 250, na mwache aonyeshe.

Andika maelezo yake neno kwa neno. Usiamue papo hapo kama ni "kingi". Watu wawili wasiojua alama zake waisome simulizi na kila mmoja aamue peke yake: je, watu wengi wangekula hivyo katika hali hiyo? Biriani ya harusini, hata sahani tatu, kwa kawaida si tukio la ugonjwa. Chapati saba na sufuria ya mbaazi saa saba usiku, baada ya chakula cha jioni, ni tukio. Pima kuafikiana kwao kwa kappa, kipimo cha maafikiano yasiyotokana na bahati. Ikiwa chini ya 0.6, rudi mkafanye mazoezi tena.

Sampuli

Ukitaka kukadiria ukubwa wa tatizo bila kujua kiwango cha awali, weka 0.5, uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5: utapata watu 385. Gawa kwa 0.9 kufidia watakaojitoa, 428. Wastaafu hawana orodha ya wazi, kwa hivyo waajiri kwa mnyororo: mbegu 6 hadi 8, kila mmoja apewe vikuponi vitatu vya kuwapa wenzake. Mnyororo huo huongeza kosa, na wengi huizidisha hesabu mara mbili. Kama bajeti haibebi watu 800 na zaidi, afadhali uache kudai kiwango cha ugonjwa, ufanye mahojiano ya kina na watu 25 hadi 30. Kazi ndogo iliyo sahihi ina manufaa kuliko asilimia isiyo na miguu.

Mbegu zako zisiwe marafiki. Ziwe na wanamaji, wa nchi kavu na wa anga, wa vyeo vya chini na maofisa, wanawake wasiopungua wawili, na angalau wawili wasiohudhuria chama chochote. Waliojitenga ndio mara nyingi wagonjwa. Muulize kila mshiriki anawafahamu wastaafu wangapi wanaoishi kaunti ya Mombasa aliowaona siku 30 zilizopita, bila takwimu hiyo huwezi kupima uzito wa majibu.

Siku ya mahojiano

Usifanye barazani wala sebuleni kwake. Tafuta chumba chenye mlango, pande zote mbili za kivuko, ili mtu wa Likoni asikose kwa sababu ya foleni ya feri. Mzee muamkie shikamoo kabla ya karatasi, na kama anapenda kuitwa Afande, mwite hivyo. Mwanamke ahojiwe na mwanamke, isipokuwa akisema mwenyewe haimsumbui.

Chai na mahamri viwe mwisho. Mgeni kutokaribishwa ni aibu kwetu, lakini mtu hawezi kukusimulia habari ya kujitapisha huku sahani iko mbele yake.

Pima uzito baada ya maswali, kamwe si kabla. Kupanda mizani kunamrudisha kwenye ukaguzi wa kambini na majibu yote hubadilika. Mizani iwe juu ya saruji au vigae, si mkeka wala zulia, vinginevyo usomaji wake hauaminiki. Kila asubuhi ihakiki kwa jerikeni ile ile ya lita 20 iliyojaa maji na kufungwa: ikisoma tofauti kwa zaidi ya gramu 200 na jana, usiitumie. Viatu, funguo na simu vitoke. Andika kilo hadi desimali moja na kimo hadi milimita. Mwambie anaweza kuupa mgongo usomaji. Watakaoomba hivyo waandike, ni habari muhimu.

Ongeza PCL-5 ya kiwewe (maswali 20, alama 31 hadi 33 ndiyo mstari) na PHQ-9 ya huzuni. Jumla isizidi dakika 75. Baada ya hapo majibu yanakuwa "ndiyo, ndiyo, ndiyo".

Hatari za papo hapo

Swali la tisa la PHQ-9 linahusu kutaka kufa. Usilitoe. Kabla ya kazi kuanza uwe na mtu wa afya ya akili anayepokea simu siku hiyo hiyo. Wastaafu wengi wanajua kwamba kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226. Waambie kuwa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kifungu hicho kinakiuka katiba.

Anayejitapisha au kunywa dawa za kuharisha mara kwa mara hupoteza potasiamu, na moyo hutegemea potasiamu. Akitaja kuzimia, moyo kuruka, misuli kukakamaa au kutapika damu, simamisha mahojiano na umpeleke Hospitali Kuu ya Makadara siku hiyo. Aliyekonda sana, usiwaambie wa nyumbani kwake wamlishe sana: chakula kingi cha ghafla kwa mwili uliokaa na njaa hushusha madini ya fosfati katika damu, na kinaweza kuua. Huyo hulishwa taratibu chini ya daktari.

Alama na ripoti

Vipengele 22 vya EDE-Q hutoa alama nne ndogo, za kujinyima, hofu ya kula, umbo na uzito. Wastani wake ndio alama kuu, 0 hadi 6. Vipengele sita vya matukio huhesabiwa kando, visitiwe kwenye wastani. Mstari wa 4 unaotumika sana uliegemea wanawake. Wanaume hupata alama za chini hata wakiwa wagonjwa, kwa hivyo ripoti mgawanyo mzima. Mpangilio wa alama nne mara nyingi hausimami unapopimwa. Toleo fupi la maswali 7 huwa imara zaidi, jaribu yote mawili.

Hojaji ya siku 28 haiwezi kuthibitisha ugonjwa wa miezi mitatu. Wote waliochujwa kuwa na dalili, pamoja na mmoja katika kila kumi ya wasio nazo, wafanyiwe mahojiano na mtaalamu asiyejua alama zao.

Chapisha matokeo mara mbili: kwanza swali la saumu likiwa zima, kisha likiwa limevunjwa. Tofauti ya majedwali hayo mawili itawafaa watafiti wa Lamu, Zanzibar na Tanga. Na kabla jarida halijatoka, andika ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa herufi kubwa, bila kisanduku chochote chenye watu chini ya watano, uwapelekee wastaafu wenyewe uwasomee, pamoja na jina la kliniki na siku inayofunguliwa.